Hodi ya Tatu

Kitabu kilikwisha na mlango umefungwa.
Kurasa mia tatu na kumi, halafu mstari mmoja:
"Hatukufungua, na hadi leo hatujui."
Chini yake nusu ukurasa mweupe,
msomaji aachiwe baridi aigawe mwenyewe.

Mimi ni mkata filamu, Bogumiła Wrzosek wa Łódź,
ghorofa ya tatu ya kilichokuwa kiwanda cha pamba.
Mashine zilihamishwa, mtetemo ukabaki sakafuni.
Kazi yangu ni kujua pa kuachia.

Kisa chenyewe kifupi: baba na binti,
theluji imefika kimo cha madirisha,
na nje kuna kitu kinachobisha kwa sauti ya mama.
Kinajua jina la utani la mtoto.
Kinajua chumvi iko kopo gani.
Hodi, kinasema.
Hodi.
Ya tatu haikuja kwa sauti.

Bwana Ksawery, mwenye fedha, alitaka mama aokolewe.
"Watu wamelipa," alisema, "wapeni jua kidogo."
Tukawapa jua. Watazamaji arobaini wa majaribio, kule Pabianice,
wakacheka mahali pa kulia,
na mmoja akauliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi.

Radosław, mwongozaji, alitaka mapambazuko.
Baba anavuta komeo. Ni mama kweli.
Alikuwa mama tangu hodi ya kwanza.
Ameganda kwa magoti, kiatu kimoja mkononi, cha kubishia.
Baba hapigi kelele. Anamziba binti macho kwa kiganja,
na kati ya vidole, jicho la mtoto, wazi.
Sekunde kumi. Fremu mia mbili na arobaini,
na kila moja niliikodolea mpaka chai yangu ikaota utando.

Wapo wasemao mwisho mweusi ni uvivu:
unaua wote, unazima taa, unakwenda kulala.
Wajaribu basi. Kuua ni kazi ya mchana mmoja.
Kazi ni kumwacha mtu hai
na ufunguo mfukoni.

Alhamisi akaja mwandishi, Bi Leokadia,
na mfuko wa mbegu za alizeti.
Nikaanza kujitetea kabla sijashtakiwa:
"Kalamu inaweza kusema hatujui. Kamera haina neno hilo.
Ukiielekeza mlangoni, watu wanahesabu bawaba,
wanataka kujua nani yuko upande wa pili."
Hakujibu. Alitazama mara moja tu,
maganda yamekusanyika kiganjani kama wadudu waliokufa.
"Nilikuwa nao mwisho huu," akasema, "rasimu ya kwanza.
Nikauchana,
na kule kuchana nikakuita ufundi."

Kisha akaomba nirudishe nyuma sekunde nne.
Si kwa uso wa mama. Kwa kiatu.
"Kisigino hiki kina theluji.
Kifuteni. Amebisha usiku kucha,
theluji ingekaa wapi?"

Tulikifuta. Siku mbili, fremu kwa fremu.

Februari, usiku wa kwanza, taa ziliwaka
na hakuna aliyeinuka.
Mwanamume mmoja alimfunga mkewe koti, kifungo kwa kifungo,
akakosea tundu la juu, akafungua yote, akaanza upya.
Mke alimwacha afanye.
Ksawery alisimama kando ya pazia akihesabu nyuso
na kwa mara ya kwanza hakutaja fedha.

Nilirudi kwa tramu. Saa tano, nikiwa bado na soksi moja,
mlango ukabishwa.
"Ni mimi tu," sauti ilisema,
nayo ilikuwa ya Bi Halszka, jirani wa ng'ambo ya ngazi,
na ndivyo hasa ambavyo kile kitu kingesema.

Nikafungua kabla ya hodi ya pili.
Alikuwa amerudisha sufuria yangu,
na ndani yake supu ya biti, ya moto, imejaa hadi ukingoni.
Nilimshukuru, nadhani.
Nilikuwa nimemtazama viatu kwanza.